Kupima Ubora wa Shairi la Majibu
Kujibizana ni fani kongwe ya ushairi wa Kiswahili, ambapo mtunzi mmoja hutoa hoja kwa beti na mwingine humjibu kwa beti. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana tungo na washairi wa Lamu katika karne ya 19, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwawezesha wasomaji wa bara kumjibu mtunzi wasiyepata kumwona.

Kigezo cha kwanza ni umbo. Mjibu hodari hufuata bahari ya mwenzake, yaani mtindo wa shairi, akalingana naye kwa mizani, ambayo ni hesabu ya silabi za mshororo, na kwa vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa kila kipande cha mshororo. Ichukuliwe mishororo miwili, wa kwanza wa mtangulizi na wa pili wa mjibu, iliyotungwa kwa ajili ya maelezo haya, ikihusu Tunduma, mji wa mkoa wa Songwe unaopakana na Nakonde ya Zambia:

Tunduma ni mlangoni, wageni hujipitia
Mlangoni ni nyumbani, kwa aliyepazoea

Kila kipande kina mizani 8, na vina ni «ni» na «a». Lakini uzuri wa jibu umo katika kulishika neno «mlangoni», ambalo mtangulizi amelitumia kuudunisha mji, na kulirudisha likiwa hoja ya wenyeji, wakiwemo Wanyamwanga, ambao wanaishi pande zote mbili za mpaka. Jibu lisilochukua neno lolote la mtangulizi, hata likiwa na vina safi, lingeweza kupelekwa kwa mtu yeyote, na kasoro hiyo ni nzito kuliko kupungukiwa mizani.

Kwa hiyo msomaji makini huyaweka mashairi mawili sambamba na kutafuta, ubeti kwa ubeti, hoja iliyorukwa. Mara nyingi inayorukwa ndiyo ngumu zaidi, na mjibu huficha pengo hilo kwa kumsifu mwenzake au kumtukana, mambo ambayo hayajibu lolote.

Lugha nayo ipimwe. Inkisari, yaani kufupisha neno, kama «mekuja» badala ya «nimekuja», na mazida, yaani kulirefusha, kama «enenda» badala ya «enda», ni ruhusa za kale zinazokubalika. Zikirundikana ubeti mmoja, zaonyesha kwamba mizani imemshinda mtunzi.

Ngonjera, aina ya ushairi wa majibizano ambayo Mathias Mnyampala aliiendeleza, isihukumiwe kwa vigezo hivi vyote, kwa sababu humo mtunzi mmoja huzitunga pande zote mbili na kwa kawaida huzipatanisha mwishoni. Mjibu wa kweli hana hakika kwamba mwenzake atakubali, ndiyo maana jibu bora huacha hoja moja wazi ambayo mtunzi wa tatu, akilisoma akiwa Vwawa au Ileje, mkoani Songwe humohumo, ataweza kuishika na kuiendeleza.