Risasi za Akiba: Uhakiki wa Istilahi katika Kijitabu cha Walinzi

Miongoni mwa tafsiri zilizofika mezani petu ili zikaguliwe, ipo moja iliyotushughulisha kwa muda mrefu kuliko ukubwa wake. Ni kijitabu cha kurasa chache kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya walinzi wa maghala na ofisi za wanunuzi wa dhahabu katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Mada yake ni bastola ya silinda: namna ya kuchukua risasi za akiba, na namna ya kuijaza upya kwa haraka zile zilizomo zinapokwisha. Hatutaitaja kampuni iliyokitoa, kwa kuwa makosa tuliyoyakuta humo si yake peke yake. Ni makosa ya sote tufasirio huku jicho likiwa kwenye kamusi badala ya kuwa kwenye mkono wa mtendaji.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili linastahili nafasi katika jarida la istilahi. Tunaona linastahili. Ukanda huu umeishi na mali ya ardhini tangu almasi ya Mwadui ilipogunduliwa mwaka 1940. Ikaja migodi mikubwa ya Geita, Bulyanhulu na Buzwagi, na kando yake machimbo ya wachimbaji wadogo kama yale ya Nyarugusu na Rwamgasa. Machi 2019 soko la madini likafunguliwa mjini Geita. Penye mali hapakosi mlinzi. Aghalabu mlinzi huyo ni kijana aliyelelewa kwa Kisukuma, akajifunza Kiswahili shuleni, na Kiingereza hakijui. Kwake yeye tafsiri haikai kando ya matini asilia, bali ndiyo matini pekee aliyo nayo.

Yafaa kwanza tukieleze kifaa chenyewe. Samuel Colt alipata hataza ya bastola ya namna hii mwaka 1836. Risasi zake hukaa katika silinda yenye matundu, kwa kawaida matano au sita, ijapokuwa Nagant ya Urusi ya mwaka 1895 ina saba. Katika bastola nyingi za leo silinda huchomoza ubavuni. Katika Webley, iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1887, bastola nzima hukunjuka kiunoni na maganda hutoka yenyewe. Udhaifu wa silaha hii ni mmoja: matundu yakiisha risasi, mwenye nayo hana kitu mpaka ajaze tena. Ndiyo maana mwaka 1893 Prideaux, Mwingereza, alipata hataza ya kifaa kinachoshika risasi sita katika duara na kuziingiza zote kwa mara moja. Aprili 1970 askari polisi wanne waliuawa huko Newhall, California, na tangu hapo mafunzo ya kujaza upya yakatiliwa mkazo zaidi katika majeshi ya polisi ya Marekani.

Sasa tukitazame kijitabu. Agizo lake kuu linasema: “Elekeza pipa juu, piga fimbo kwa kiganja, toa risasi zote, pakia spea.” Sentensi ni fupi, na ufupi huo twausifu. Hata hivyo, karibu kila istilahi iliyomo inapotosha.

“Pipa” ni kosa la kamusi. Neno la Kiingereza litajalo mtutu ndilo litajalo pia pipa la mafuta, na mfasiri akaokota maana ya kwanza aliyoikuta. Kiswahili kina “mtutu” na “kasiba” tangu zamani. Hapa hapakuwa na pengo la kuzibwa.

“Piga fimbo” ni kosa la hatari. Kinachokusudiwa ni ule ufito mwembamba ulio mbele ya silinda, ambao ukisukumwa huyatoa maganda. Msomaji wetu, kwa upande wake, anazijua fimbo za shuleni na za kuchungia ng’ombe. Lakini hatulalamikii kichekesho hicho, bali kitenzi chenyewe. Katika lugha ya silaha “piga” maana yake ni moja: kufyatua. Kiongozi wa zamu anaposema “piga” usiku, walinzi hawasubiri yambwa. Kwa hiyo kitenzi hicho hakifai kabisa katika maelezo ya kujaza, mahali ambapo kidole kinatakiwa kiwe mbali na kifyatulio. Tunapendekeza “sukuma kitemeo,” kwa kuwa ufito huo kazi yake ni kuyatema maganda.

“Toa risasi zote” kunatufikisha kwenye mzizi wa tatizo. Neno “risasi” tumelibebesha mizigo mingi: madini ya risasi, kichwa kirukacho, risasi nzima pamoja na ganda na baruti, na hata akiba yote ya silaha, kama tunavyosema tunapoitaja sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Mwenye kujaza upya anatoa maganda matupu. Akiambiwa atoe risasi, ataanza kuchagua ipi imetumika na ipi haijatumika, na hapo haraka yote imepotea. Mahakamani uzito ni ule ule. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yakipe Kiswahili nafasi ya lugha ya sheria na mahakama, shahidi akisema “niliokota risasi tatu,” hatuna budi kumwuliza kama aliokota maganda, vichwa au risasi nzima. Ganda huonyesha kwamba silaha ilifyatuliwa. Risasi nzima huonyesha kwamba mtu alikuwa nayo. Twashauri neno “risasi” libaki kwa risasi nzima, na “ganda” na “kichwa” yatumike kila moja mahali pake.

Ukurasa mwingine unamtaka mlinzi akague “fataki” za risasi zake. Katika msamiati wa kale wa bunduki neno hilo ni sahihi. Lakini katika maduara ya Geita fataki ni kile kilipuzi kinacholipua baruti ya kupasulia mwamba, na redioni lilipata maana ya mtu mzima anayewarubuni wasichana. Mlinzi wa mgodini akiambiwa akague fataki ataelekea ghala la baruti. “Kiwashio cha risasi” ni kirefu kidogo, lakini hakimpeleki mtu pasipostahili.

“Pakia” ni la mizigo na abiria, na “spea” ni la vipuri vya magari. Risasi ya ziada si kipuri. Ni akiba, nayo akiba haiozi, ingawa risasi iliyolala katika unyevu wa masika yaweza kukataa siku ya kazi. Badala ya “pakia” tunalo neno zuri tulilolisahau: “shamiri.” Wahenga walishamiri magobore yao. Walimu wa sarufi wanalitumia kila siku katika “shamirisho,” pasipo wengi wao kukumbuka kwamba kitenzi hicho kiliwahi kunuka baruti. Tukilirudisha, tutapata “shamiri upya” kwa kitendo, na “kishamirio” kwa kile kifaa cha Prideaux na wenziwe.

Limebaki la mfuko wa mshipini, ambao kijitabu kinauita “pochi.” Sisi wenyewe tulielekea kwanza kwenye “beti,” jina la kale la mfuko wa risasi. Tumeliacha. Vijana wa Kahama wakisikia beti watafikiri michezo ya bahati nasibu, na mwalimu atafikiri ushairi. Tunapendekeza “podo la risasi.” Podo ni ala ya mishale, na katika nchi ambayo sungusungu walianza doria zao kwa pinde na mishale mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuna asiyejua kwamba podo hubeba akiba. Kadogosho chake, “kipodo,” tusikitumie, kwa kuwa kimekaribiana mno na vipodozi.

Mwisho, kijitabu kimeacha hatua ambayo hakuna istilahi iwezayo kuifidia. Mtutu huelekezwa juu ili maganda yadondoke, kisha hugeuzwa chini ili risasi mpya zitulie matunduni. Kwa agizo lilivyo, mlinzi atashamiri mtutu ukiwa juu, na risasi zake zitamwagika miguuni pake. Mfasiri angalitazama kitendo mara moja tu, angaliliona pengo hilo, hata kama matini asilia ilikuwa nalo.

Basi agizo hilo tungeliandika hivi: “Kidole mbali na kifyatulio. Fungua silinda. Mtutu juu: sukuma kitemeo, maganda yadondoke. Mtutu chini: shamiri risasi za akiba. Funga silinda kwa mkono.” Ni refu kuliko la kwanza, ila halina neno ambalo mlinzi atalazimika kulitafakari gizani.

Mapendekezo haya bado hayajasanifiwa. Tunawaomba walimu, makarani wa mahakama na wakufunzi wa walinzi, hususan walioko Geita, Kahama na Shinyanga, wayajaribu kwa kuyasoma kwa sauti mbele ya watumiaji wenyewe, kisha watuandikie ni yapi yaliyoeleweka kwa mara ya kwanza.