Kupiga na Kupigwa Picha: Tahakiki ya Picha za Barabarani kutoka Unguja mpaka Sanje

Mtu aliyekaa mbele ya kamera na mtu aliyesimama nyuma yake waweza, katika Kiswahili, kusema sentensi moja wote wawili: "Jana nilipiga picha." Wa kwanza ataka kusema kwamba alivaa nguo zake nzuri, akaenda studio, akalipa, akatoka na sura yake mkononi. Wa pili ataka kusema kwamba alifanya kazi yake. Sarufi haiwatofautishi, wote wawili ni watenda, na picha ndiyo yambwa. Lakini mpita njia aliyeelekezewa kamera na mgeni asiyemsalimu, kisha mgeni huyo akaenda zake, hasemi hivyo hata siku moja. Yeye husema, "Nimepigwa picha." Tofauti hii ni ndogo kwa umbo, kiambishi kimoja tu, lakini ndani yake mna kipimo cha kuhakikia sanaa iliyowapendeza wasafiri wengi, yaani sanaa ya kutembea katika miji ya watu na kupiga picha za maisha ya barabarani.

Kabla ya kukitumia kipimo hiki, yafaa kosa moja liondolewe. Msomi wa lugha za Ulaya, asikiapo "kupiga picha", huenda akaharakia kusema kwamba Mswahili ameiona kamera kuwa chombo cha kujeruhia. Sivyo. Pasi hupigwa, simu hupigwa, kura hupigwa, magoti hupigwa, hodi hupigwa, wala hapana aumiaye. Susan Sontag, katika kitabu chake On Photography cha mwaka 1977, alishikilia sana kwamba Kiingereza hutumia kwa kamera vitenzi vilevile vya bunduki, kama kushindilia, kulenga na kufyatua, akajenga hoja yake juu ya hayo. Hoja hiyo haihamishiki kwa Kiswahili kama ilivyo, kwa kuwa uzito wa usemi wa Kiswahili hauko katika mzizi wa kitenzi, uko katika viambishi. Katika "kumpiga mtu picha", mtu amewekwa mahali pa yambwa. Katika "kumpigia mtu picha", mtu huyohuyo amekuwa mwenye kufaidi. "Kujipiga picha" humfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja, na "kupiga picha na fulani" huwafanya wawili kuwa washirika. Tena si kila kauli ya kutendwa ni malalamiko: bwana harusi naye hupigwa picha, naye hufurahi. Neno la kuuliza ni hili: je, mtu huyo angeweza pia kusema "nilipiga"? Bwana harusi aweza. Mpita njia hawezi.

Jina lenyewe la sanaa hii lina mushkeli. Msafiri wa Ulaya asemapo mpiga picha wa barabarani, amkusudia mtu azungukaye na kamera akivizia matukio. Mtu wa Afrika Mashariki asikiapo maneno hayo, amkumbuka fundi aketiye njiani akingoja wateja. Mfano mashuhuri ni wapiga picha wa feri ya Likoni, Mombasa, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliweka vibanda vyao karibu na kivuko na kutundika mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, amewaeleza katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya upigaji picha wa pwani ya Afrika Mashariki. Msafiri wa kigeni huvuka bahari ili apige picha za mji wa watu. Mteja wa Likoni alisimama mbele ya pazia, naye akawa ameusafiria mji wa mbali pasipo kuondoka kivukoni. Yeye ndiye aliyechagua mji, nguo na mkao. Kazi hiyo ilifanyika barabarani, na mwenye sura alisema bila shaka yoyote kwamba alipiga picha.

Historia ya pwani yaonyesha kwamba kauli ya kutendwa ilitangulia. James Augustus Grant alipiga picha mjini Zanzibar mwaka 1860, kabla hajaingia bara pamoja na Speke. Baada yake zilikuja studio za Wagoa, kama ile ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho, zilizouza kadi za posta kwa abiria wa meli. Kwa ufundi, nyingi katika kadi hizo ni nzuri mno: kivuli cha kichochoro kimekatwa sawasawa, mlango wa nakshi umeonekana kila msumari wake. Upungufu wake umo katika maelezo yaliyochapwa chini. Kwa kawaida maelezo hayo hayakutaja jina la mtu. Yalitaja kabila lake, au kazi yake, au mtaa aliosimama. Mchukuzi wa maji amebaki mchukuzi wa maji. Mhakiki wa leo aweza kuisifu nuru iliyomwangukia, lakini hawezi kumwita.

Ranchhod T. Oza, aliyefungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe mwaka 1930, alisimama mahali pengine. Yeye pia alitembea na kamera vichochoroni, akapiga picha za nyumba, za sherehe na za watu wa mji. Lakini alikuwa na duka mtaani, na mtu aliyepigwa picha Jumatatu njiani aliweza Jumanne kuingia dukani. Kazi yake, iliyoendelezwa na mwanawe Rohit Oza, imekuwa kumbukumbu ya Zanzibar ya kabla na ya baada ya 1964, na wazee wa mji wameweza kuzitazama picha hizo na kutaja majina. Hapo ndipo ubora wake juu ya kadi za posta. Macho ya Oza hayakuwa makali kupita ya Gomes. Lililozidi ni kwamba njia ya kurudi kwa mwenye sura ilibaki wazi.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuihukumu picha ya ghafla bila ya kuisikiliza. Henri Cartier-Bresson, bingwa wa sanaa hii, alitoa mwaka 1952 kitabu kiitwacho Images à la Sauvette. Toleo la Kiingereza lililipa kitabu hicho jina la fahari, lenye habari za dakika ya uamuzi. Jina la Kifaransa ni la mtaani. Ni usemi utumikao kwa wachuuzi wauzao bila leseni, bidhaa zao zimetandazwa juu ya kitambaa, tayari kukunjwa askari atokeapo. Kwa Kiswahili cha leo, hizo ni picha za kimachinga. Jina hilo lina ukweli ndani yake, kwa kuwa lakiri kwamba mpiga picha hana ruhusa na kwamba miguu yake i tayari kukimbia. Na faida ya kazi hiyo haikanushiki. Mtu ajuaye kwamba anatazamwa hujipanga. Uso hukazwa, mikono hutafuta mahali, na kile kilichomvutia mgeni, yaani namna mama alivyokuwa akimtania mnunuzi huku akifunga mafungu ya nyanya, kimekwisha. Apendaye kweli ya mtaa ana sababu ya kuogopa salamu.

Miji mikubwa haiwezi kuamua shauri hili, maana mjini hata wenyeji hupishana kama wageni, na kamera moja zaidi haionekani. Kariakoo humeza kila kitu. Kipimo kijaribiwe basi mahali ambapo barabara ni moja na kila apitaye ajulikana ni wa nani. Sanje ni mahali pa namna hiyo. Ni kijiji kilicho chini ya milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro, kando ya barabara itokayo Mikumi kupitia Kidatu kwenda Mang'ula na Ifakara. Nje ya bonde la Kilombero jina lake lajulikana kwa mambo mawili: maporomoko ya maji yenye kimo cha kiasi cha mita 170, yaliyomo katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992, na kima aitwaye mangabe wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979. Mtu atafutaye picha za Sanje hupata maji na kima kwa wingi. Barabara, na watu wake, huwa kitu cha kupita ili kuyafikia maji.

Nayo barabara hiyo ina mengi. Mabasi ya Ifakara husimama, ndizi zikainuliwa mpaka madirishani. Magari ya miwa huelekea viwanda vya sukari, bodaboda hungoja kivulini, na msimu wa mavuno mpunga huanikwa juu ya maturubai. Wandamba, Wapogoro, Wahehe, Wabena na wengine walioletwa na mashamba ya miwa husemezana kwa Kiswahili chenye lafudhi za kila upande. Abiria wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, huliona bonde hilihili kutoka dirishani, katika vituo kama Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Picha za dirishani zina uzuri wa rangi na haraka, lakini ni kauli ya kutendwa iliyokamilika: muuzaji huangalia juu akidhani anatazamwa na mnunuzi, kumbe anatazamwa na kamera, na gari moshi huondoka kabla hajauliza neno.

Msafiri ashukaye Sanje hana gari moshi la kumwokoa. Akiinua kamera kabla ya kusema "Shikamoo, mama" au "Habari za kazi", habari zake humtangulia njia nzima, na nyuso zote atakazozikuta mbele zimekwisha kufungwa. Akisalimu kwanza, hupoteza kile alichokiona. Ataulizwa atokako, ataambiwa akaribie, atapewa kigoda. Akiomba picha, watu watasimama wima, watarekebisha kanga, watatazama kamera bila ya kucheka. Wasafiri wengi huiona picha hiyo kuwa imeharibika, nao huifuta. Huo ni uhakiki mbaya. Mkao ule ni utunzi wa mwenye sura. Ndiyo mara pekee siku ile ambapo yeye mwenyewe amepiga picha, na ujuzi wake wa kusimama mbele ya kamera hautoki hewani, bali umetoka katika desturi ndefu ya studio na ya wapiga picha wa harusi na sikukuu.

Lakini siku haiishii hapo. Picha ikishapigwa, watu huona kwamba shughuli imekwisha, nao hurudi kazini. Mama huketi tena kwenye ndizi zake, mnunuzi hurudia kulalamikia bei, utani huanza upya, pengine sasa ukimhusu mgeni mwenyewe. Mgeni bado yupo, kamera bado iko shingoni mwake, na kila mtu ajua hivyo. Picha ya pili, ipigwayo katika saa hiyo, ina ule uhai ambao Cartier-Bresson aliutafuta kwa kuvizia, wala haikuibwa. Mwenye sura amekwisha kuukubali uwapo wa kamera kama alivyoukubali uwapo wa mtu. Akiulizwa baadaye, huenda akasema "tulipiga picha", na kiambishi hicho cha wingi ni sifa kubwa kuliko zote awezazo kupewa mpiga picha wa barabarani.

Yaweza kupingwa kwamba njia hii ni ya polepole, na kwamba ziko picha kuu ambazo hazitapigwa kamwe kwa njia hiyo. Ni kweli, na hasara hiyo ikubaliwe. Yako mambo pia, kama dhuluma ya wenye nguvu, ambayo kuyaombea ruhusa ni kuyaficha. Huko sheria ni nyingine, kwa kuwa mwandishi wa habari hatafuti starehe. Msafiri atafuta starehe, na starehe ya mtu haiwi hoja ya kumtenda mwingine. Tanzania imekwisha kuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria huja mwishoni, baada ya ugomvi. Zamani mkanda ulipelekwa mjini kusafishwa, na mwenye sura aliweza kungoja nakala yake wiki nyingi bila ya kuiona. Siku hizi nakala yaweza kutumwa kwa simu kabla chai haijapoa. Asiyeituma hana tena udhuru wa umbali. Amechagua kubaki na "kumpiga" na kukataa "kumpigia".

Kwa kipimo hiki, kadi za posta za Unguja zastahili kuhifadhiwa kwa ufundi wake na kulaumiwa kwa ukimya wake. Oza astahili kuwekwa juu yake. Wapiga picha wa Likoni, ambao vitabu vya sanaa huwataja kwa nadra, wastahili kuhesabiwa miongoni mwa wasanii wa barabara, tena mbele ya wageni wengi wenye kamera za gharama. Ama msafiri apitaye Sanje, lugha ya wenyeji wake imekwisha kumpa mafunzo yote anayoyahitaji, maana kitenzi kilekile kipigacho picha ndicho kipigacho hodi. Barabara haina mlango wa kugongwa; hodi yake ni salamu, nayo hungojewa jibu kabla ya kuingia.