Uvimbe wa Goti: Picha Kabla ya Sindano

Maradhi ya hidatidi, yatokanayo na mayai ya tegu wa mbwa, yameenea Turkana, nchini Kenya, kwa kiasi kinachofikiwa na mahali pachache duniani, na aghalabu hukaa katika ini; lakini kwa nadra mfuko wake huota ndani ya msuli, pengine wa paja au nyuma ya goti, ukafanana na saratani. Basi tabibu wa Lodwar apokeaye mgonjwa kutoka Katilu, mwenye uvimbe usiouma uliokua taratibu, hana budi kupambanua mambo matatu: mfuko wa maji ya kiungo, hidatidi, au sarkoma, yaani saratani ya nyama laini.

Shirika la AMREF lilipoanza kupambana na hidatidi kaskazini-magharibi ya Turkana mwaka 1983, kazi ile ilikuja kupata nguvu kwa mashine ya altrasaundi iliyochukuliwa hadi kwa wafugaji wenyewe, nayo fadhila yake kubwa ni kuonyesha kilichomo bila kutoboa. Mfuko wa maji ya kiungo huonekana mweusi, una shingo nyembamba ipenyayo baina ya misuli, upande wa ndani nyuma ya goti; hidatidi huonyesha ukuta wa tabaka mbili, au vijifuko vilivyosongamana kama punje za komamanga, au utando uliobambuka ukielea; ama sarkoma huwa nyama yenye mishipa ya damu, ijapokuwa ile ya sinovia, ipendayo kuwazukia vijana karibu na goti, huweza kubeba majimaji ikamhadaa mtazamaji mwenye haraka.

Sindano ikitangulia picha, maji ya hidatidi huvuja, mgonjwa akapatwa na mshtuko wa mzio uwezao kumuua, na mbegu za maradhi zikatawanyika. Na katika sarkoma, njia ya sindano iliyopita pasipostahili humlazimu mpasuaji kukata zaidi, pengine hata mguu wenyewe. Naona hatari hii haitiliwi mkazo wa kutosha.

Hidatidi ya msuli hutibiwa kwa albendazoli, kisha mfuko hutolewa mzima bila kupasuka. Sarkoma yataka picha ya sumaku (MRI), kipande cha nyama kichukuliwe kwa shauri la mpasuaji atakayeikata, kisha iondolewe pamoja na nyama yenye afya iliyoizunguka. Kwa hayo mgonjwa wa Katilu, aliyekwisha kupanda kaskazini hadi Lodwar, hurudi kusini kupitia Kainuk na Kitale mpaka Hospitali ya Moi, Eldoret. Na barua yake ya rufaa lazima itaje ukubwa wa uvimbe, kama umevuka sentimita 5, kina chake, na kama sindano imekwisha kuugusa.