Majina ya Siku na ya Lugha katika Tarakilishi: Uhakiki Mfupi

Katika kambi ya Hagadera, iliyofunguliwa mwaka 1992 katika eneo la Dadaab, Garissa, tarehe ina uzito wa pekee: siku ya mgao haimngojei mtu. Humo Kisomali ndicho kinachosemwa na wengi, na Kiswahili ndiyo lugha ya taifa la nchi. Kwa hiyo majedwali ya majina ambayo waunda programu huyachukua tayari yastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine yoyote.

Chanzo cha utata ni hesabu. Kisomali kilirithi majina ya Kiarabu: Axad ni siku ya kwanza, Isniin ya pili, Talaado ya tatu. Kiswahili huanza kuhesabu baada ya Ijumaa. Hivyo Isniin, yaani ya pili, ndiyo Jumatatu. Na Arbaco, ya nne, ndiyo Jumatano. Hesabu hizi hukutana Alhamisi tu, kwa kuwa hapo Kiswahili kiliazima tano ya Kiarabu, kikawa na siku mbili za tano katika juma moja. (Wasemaji hawasumbuliwi na jambo hilo, wala hapana sababu ya kusumbuliwa.)

Maktaba ya Moment.js hufupisha siku za Kiswahili kuwa J2, J3, J4, J5, Al, Ij, J1. Kwa Mswahili ufupisho huo ni wa busara. Lakini msomaji anayehesabu siku kwa Kisomali, akiona J3, aweza kuidhania Talaado, akafika siku moja baada ya mgao kwisha. Hazina ya CLDR, inayotunzwa na Unicode, imekosea zaidi: vifupisho vyake vya herufi moja ni S, M, T, W, T, F, S. Hakuna hata herufi moja kati ya hizo inayoanza jina la siku ya Kiswahili. Ni Kiingereza kilichovishwa kanzu.

Kuhusu majina ya lugha, Intl.DisplayNames, iliyoingizwa katika JavaScript mwaka 2021, ikiulizwa kwa Kiswahili hujibu “Kisomali”. Ikiulizwa kwa Kisomali hujibu “Soomaali”. Kiswahili kimeachiwa ki- yake, ilhali Kisomali kimenyang'anywa af, neno lenye maana ya kinywa na ya lugha pia, ambalo kazi yake hapo ni ileile. Mama anayetafuta Af-Soomaali katika orodha hukuta jina la watu wake, si la lugha yake. CLDR hupokea marekebisho. Hilo la af lingefaa kutangulia, na hadi herufi zile saba zibadilishwe, matangazo ya Hagadera yaandike jina zima la siku pamoja na tarehe yake.