Kwa nini 'kidokezo' hakidokezi chochote

ISTILAHI haipimwi kwa utamu wake kamusini. Hupimwa kazini. Leo nataka kulipima neno moja la kompyuta, "kidokezo", ambalo limeenea katika tafsiri za programu bila kuulizwa maswali.

Wanaosomea kompyuta hapa Njoro na kule Kabarak wanakijua kitu chenyewe. Ukifungua dirisha la amri katika Linux, utaona jina lako, jina la mashine, folda uliyomo, kisha alama ya dola. Hapo mashine hunyamaza ikikungoja uandike. Wanafunzi huuita mstari huo "prompti". Watafsiri wakauita "kidokezo".

Hebu tuulize: unadokeza nini? Kudokeza ni kumpa mtu habari kidogo, aghalabu kwa chati. Mstari huu hauna siri yoyote. Unakueleza waziwazi ulipo, kisha unakusikiliza. Isitoshe, "kidokezo" hutumika pia kwa ushauri mfupi wa jinsi ya kutumia programu. Neno moja, vitu viwili, na mwanafunzi anabaki njia panda. Tafsiri za mashine nazo zimevuka mpaka: eti "haraka ya amri", kwa kuwa neno la Kiingereza lina maana ya upesi pia!

Mtu atasema nachambua kidogo mno. La hasha. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mnamo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Lakini kutafsiri menyu ni kumhudumia mtumiaji. Anayeiamuru mashine hukaa kwenye mstari wa amri, na hapo bado tunabahatisha. Tukiendelea hivi, Kiswahili kitakuwa lugha ya wateja wa teknolojia tu.

Napendekeza "kiitikio". Kuitika ni kujibu unapoitwa, na mstari huu ni mashine inayosema: nimesikia, niko tayari. Pili, katika wimbo kiitikio hurudi baada ya kila ubeti. Mstari huu nao hurudi baada ya kila amri kukamilika. Je, utachanganywa na kiitikio cha ushairi? Sidhani. Hakuna anayechanganya mizizi ya mti na mizizi ya maneno.

Uzuri ni kwamba jaribio hili halihitaji kamati. Katika Bash, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, kiitikio huhifadhiwa katika kigeu kiitwacho PS1. Andika hivi:

PS1='\u, \w, naam\$ '

Hapo \u huleta jina lako na \w folda uliyomo. Ukitaka mpangilio huo udumu, uweke katika faili ya .bashrc. Kuna pia PS2, ambayo hutokea unapobonyeza ingiza kabla amri haijakamilika, kwa mfano ukisahau kufunga alama za kunukuu. Kwa kawaida huonyesha > tu. Sasa, Mswahili anayesikiliza kisa ambacho hakijaisha husemaje? Husema "enhe". Basi:

PS2='enhe... '

Sijui kama kuna lugha inayoieleza kazi ya PS2 kwa ufupi kuliko hiyo "enhe" yetu ya barazani. Hatukuikopa wala kuiunda. Ilikuwapo tayari, ila wasanifu wa istilahi huona haya kuchota kutoka kwa mazungumzo.

Hapa pana onyo. Wapo vijana wanaopamba kiitikio kwa rangi na michoro hadi wanaiondoa ile \$. Alama hiyo si pambo. Kwa mtumiaji wa kawaida huonekana kama dola. Kwa msimamizi mkuu, mwenye uwezo wa kufuta kila kitu, hugeuka kuwa #. Ukiiondoa, unaweza kufuta mfumo mzima ukidhani unafuta faili lako moja. Urembo unaoficha maana ni hasara.

Na hilo ndilo kosa la istilahi zetu nyingi. "Rununu" na "tarakilishi" zina mvuto wake, lakini katika stendi za Nakuru utasikia "simu" na "kompyuta". Watu hawakuzikataa kwa ukaidi. Walikuwa tayari na maneno yanayofanya kazi. Kwa prompti, bado hawana la Kiswahili. Nafasi iko wazi.

Walimu wa Kiswahili na wa kompyuta, ambao aghalabu hukutana kwenye kikao cha seneti pekee, wakae pamoja maabarani. Waweke "naam" na "enhe" kwenye mashine za wanafunzi muhula mmoja, kisha wawasikilize wanavyozungumza. Wakisema "kiitikio changu kimeharibika", tumepata neno. Wakishikilia "prompti", tulikubali na kuliingiza kamusini. Ila "kidokezo", jamani, tukistaafishe.