Mbuga Isiyo Mbuga: Kiswahili cha Kijitabu cha Wapanda Kilimanjaro

Hivi karibuni tuliletewa kijitabu cha maelekezo kwa wageni wanaokwenda kupanda Mlima Kilimanjaro, tukaombwa tukitolee maoni kuhusu lugha yake. Kijitabu hicho kiliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha kikatafsiriwa. Mchapishaji wake hatutamtaja, kwa sababu makosa tunayokusudia kuyaeleza si yake peke yake. Twapenda pia kusema tangu mwanzo kwamba nia ya kumwandikia mwananchi kwa lugha yake ni ya kusifiwa. Tunachouliza ni kama mwananchi huyo, akiisha kukisoma, atakuwa ameelezwa jambo.

Tuanze na jalada. Hapo msomaji anakaribishwa katika "mbuga ya Kilimanjaro". Neno hili limezoeleka sana vinywani mwa watu, hata pakawa na mbuga za wanyama kila mahali penye wanyama. Lakini mbuga ni uwanda wa nyasi, aghalabu wa udongo mweusi unaotuama maji wakati wa masika. Serengeti ina mbuga, na huenda ndiko mazoea haya yalikotoka. Kilimanjaro, ambayo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973, ina msitu mnene chini, kisha vichaka na nyasi za baridi, kisha jangwa la mawe, na kileleni barafu. Mgeni aliyeahidiwa mbuga atakuja na kofia ya jua, naye atahitaji koti zito. Neno rasmi, yaani hifadhi, limekuwapo siku nyingi. Linaeleza kusudi la mahali badala ya sura yake, na kwa hiyo linafaa mlimani, nyikani na baharini sawasawa.

Jambo la pili ni malazi. Katika njia ya Marangu, ambayo ndiyo njia pekee ambako wapandaji hulala ndani ya majengo na si katika mahema, kuna vituo vitatu: Mandara penye kimo cha kama mita 2,700, Horombo kama mita 3,700, na Kibo kama mita 4,700. Kijitabu kinaviita "vibanda". Sasa kibanda kwa Mswahili ni kijumba cha muda, cha kuuzia karanga au cha kumkinga mlinzi na mvua. Horombo ni kijiji kizima cha nyumba za mbao, na Kibo ni jengo la mawe lenye vyumba vya vitanda vya ghorofa. Mtu anayetafuta neno angeweza kufikiria dago la wavuvi, nalo ni neno zuri la pwani, ila dago huvunjwa msimu ukiisha. Twaona inatosha kusema kituo kwa mahali, nyumba kwa majengo yake, na bweni kwa chumba wanamolala watu wengi. Neno loji tuliachie nyumba za wageni zilizo chini ya mlima, ambako limekwisha kupata uraia.

Inafaa kukumbusha kwamba katika mlima huu huu kazi ya kutaja majina iliwahi kufanywa kwa uangalifu. Kituo cha Mandara zamani kiliitwa kwa jina la Bismarck, na cha Horombo kwa jina la Peters, wote wawili watu wa ukoloni wa Kijerumani. Waliobadilisha majina hayo waliwarejea watawala wa Wachaga wenyewe, Mangi Mandara wa Moshi na Mangi Horombo wa Keni. Waliona kwamba jina humwambia mpandaji yuko kwa nani. Twasikitika kuona uangalifu ule haukufika katika maneno ya kawaida.

Kuhusu watu wa mlimani, kijitabu kimefanya vema pahali pamoja na kukosea pahali pengine. Kimefanya vema kusema kiongozi. Angalikuwapo mfasiri mvivu aliyejaribu kulitohoa neno la Kiingereza kwa sauti yake, angalitupatia gaidi, na wageni wangalipandishwa mlima na wanyang'anyi. Lakini wabeba mizigo wameitwa "mahamali". Hamali ni mtu wa bandarini na sokoni, apokeaye gunia hapa na kulitua pale. Mchukuzi naye ni wa stesheni. Mtu anayetembea siku tano au sita na mzigo ambao kanuni imeuwekea mpaka wa kilo 20 anastahili neno la safari ndefu, nalo ni mpagazi, tulilorithi kutoka misafara ya bara. Wenyewe hujiita pia wagumu. Hilo ni jina la sifa, na lisiguswe na kamati yoyote.

Sasa tufike kwenye ukurasa ambao kwa ajili yake tumeamua kuandika makala haya. Ni ukurasa wa tahadhari. Unasema kwamba juu mlimani kuna "hewa nyembamba", kwamba mpandaji anaweza kupata "ugonjwa wa urefu", na kwamba "katika tukio la dalili kuendelea, kushuka kunapendekezwa".

Wembamba katika Kiswahili ni wa uzi, wa fimbo, wa kiuno, na wa sauti. Hewa haiwi nyembamba, huwa haba. Na hivyo ndivyo mambo yalivyo: katika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata Tanga au Mombasa. Ama urefu, ni kweli vitabu vya shule husema urefu wa mlima. Lakini ugonjwa wa urefu msomaji ataudhania kuwa ni wa watu warefu, au akijitahidi sana, ni wa kileleni tu. Dalili zake, yaani kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na hamu ya kula, zaweza kuanza kwenye mita kama 2,500, kabla hata ya Mandara. Twapendekeza ugonjwa wa hewa haba. Wako wanaoandika ugonjwa wa mwinuko, nasi hatuna ugomvi nao. Hata hivyo hewa haba ina faida moja kubwa: inataja chanzo, na anayejua chanzo amekwisha kujua dawa, ambayo ni kushuka kule hewa iliko.

Ile sentensi ya mwisho ni tafsiri sisisi, neno kwa neno, na hapa ndipo lugha mbaya inapokuwa hatari. Mgeni wa kutoka ng'ambo husoma ukurasa wa Kiingereza. Ukurasa wa Kiswahili unasomwa na mwanafunzi aliyekuja na wenzake, na mpishi, na mpagazi kijana aliye katika safari yake ya kwanza. Safari ya kutoka Kibo kwenda kileleni huanza karibu na usiku wa manane. Mtu anayeyumba kama mlevi, au anayehema ilhali amekaa, hawezi wakati huo kufikiri ni nani anayependekeza na tukio ni lipi. Aandikiwe hivi: "Dalili zikizidi, shuka mara moja. Usimwache mgonjwa peke yake."

Ulimwengu mzima umejifunza kutoka kwa viongozi wa Kilimanjaro maneno mawili ya Kiswahili, pole pole, na wageni hurudi nayo makwao. Maneno hayo hayakutungwa ofisini, bali yalitoka kwa watu waliojua wanalolisema, wakimsemea mtu aliyechoka. Hicho ndicho kipimo ambacho twaomba wafasiri wetu, na sisi wenyewe wa istilahi, tukitumie.

Kwa ufupi, mapendekezo yetu ni haya:

mbuga: hifadhi
kibanda cha mlimani: kituo, nyumba, bweni
hamali wa mlimani: mpagazi
hewa nyembamba: hewa haba
ugonjwa wa urefu: ugonjwa wa hewa haba

Wasomaji wetu wa Marangu, Rombo na Machame, na hasa wapagazi na viongozi, huenda wanayo maneno bora kuliko haya. Tunawaomba watuletee.