Magugu katika Mpunga wa Mlimba

Mhubiri wa Mlimba afunguapo Mathayo 13 hukuta ngano, ilhali bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga. Kubadili jina la nafaka si kosa, ila ni nusu ya kazi. Mpunga-mwitu hufanana na mpunga hasa mpaka utoapo masuke. Mkulima, ajuaye hayo kuliko mhubiri, hupalilia hata hivyo, kwani asipopalilia atalala njaa. Basi agizo la mwenye shamba, kwamba magugu yaachwe hadi mavuno, ni la ajabu masikioni mwake. Mahubiri yanayoligeuza kuwa shauri la kilimo humnyima mshangao huo, nao ndio mfano wenyewe. Hata watumwa wa shamba lile walitaka kung'oa.